Wana wa Barabara ya 14 🚲

JUMATANO

19:42 Da Saumu: Assalaam aleykum wana wa Mzee. Someni wote. Leo saa tisa wamekuja dukani vijana wawili wa chama cha baiskeli. Jumapili wana mbio, Tanga kwenda Muheza na kurudi. Wanataka Baba ndiye apeperushe bendera ya kuanzia, halafu apewe ngao na kofia mbele za watu. Jibu wanalitaka kesho jioni, wanachapisha bango. Kila mtu aseme neno lake.

19:44 Da Saumu: Baba nimeshamgusia. Kanijibu, "Waulize gurudumu langu la nyuma liko wapi." Akaingia ndani kuswali.

19:58 Salimu Bajaji: Kofia? Kile kichwa cha Mzee watapata wapi saizi yake 😂

19:58 Da Saumu: Salimu.

19:59 Salimu Bajaji: Nimenyamaza.

20:21 Da Saumu: Naona mmesoma watu 14. Watu 14 na hakuna hata anayeitikia salamu!

20:23 Zuhura Dar: Waaleykum salaam da Saumu. Niko kwenye daladala, Mbagala foleni. Nikifika nitasoma vizuri.

20:31 Kassim Poland: Da Saumu, mimi nasema aende. Huku wenzangu wa kazini walinichukua tukaangalie mbio za pikipiki, wanaziita spidiwei. Waendeshaji wanne, mizunguko minne, wanakata kushoto tu. Kabla hawajaanza wakamtoa mzee mmoja aliyestaafu, wakamzungusha uwanja mzima, watu wamesimama wanampigia makofi. Jamaa yangu akaniambia yule mzee alikuwa ameisusa klabu yake miaka mingi, hata njia ya uwanjani alikuwa hapiti. Nilimkumbuka Baba nikashindwa kula.

20:32 Kassim Poland: Na pikipiki zenyewe hazina breki.

20:32 Salimu Bajaji: Hazina BREKI???

20:34 Kassim Poland: Wallahi hazina. Gia ya kukimbilia ni moja, mafuta yake ni methanoli. Kwenye kona anailaza, gurudumu la nyuma linateleza kwa makusudi, mguu wa kushoto umevalishwa chuma chini ya kiatu anauburuza.

20:35 Salimu Bajaji: Basi bajaji yangu ilikuwa spidiwei tangu Ramadhani 😂😂

20:35 Mama Twaha: Salimu na watoto wa shule unawabeba humo humo?

20:36 Salimu Bajaji: Dada natania jamani! Breki nimefunga mpya, fundi wa Makorora shahidi.

20:36 Da Saumu: TURUDI KWA BABA.

20:49 Mama Twaha: Haya mimi nasema, na mtanisamehe. Asiende. Kassim wewe hukuwa umezaliwa. Mwaka 1988 mimi niko darasa la tano. Baba kaangukia Pongwe wakati wa kurudi, mvua imetoka kunyesha, mchanga umejaa lami. Mguu umevunjika paja. Wiki ya tatu yuko kitandani na plasta mpaka kiunoni, wakaja watu wa chama na karatasi, baiskeli ni mali ya chama. Fremu kweli ilikuwa yao, sikatai. Lakini magurudumu yote mawili na tandiko Baba alinunua kwa pesa ya minazi ya Babu. Wakabeba yote. Hakuna aliyerudi hata na kilo ya sukari. Nje mji mzima unashangilia ubingwa wa mpira wa Coastal Union, watu wanapita na ngoma, ndani Baba kageukia ukutani. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji. Hiyo ngao aiweke wapi?

20:50 Salimu Bajaji: 😔

20:55 Da Saumu: Mama Twaha, hayo nayajua, nilikuwapo. Lakini hawa vijana hawakuwapo. Mmoja ananiambia mwalimu wake alifundishwa na Baba kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzake akijikinga na upepo. Maneno ya Baba wanayo mpaka leo: kusi likivuma usitoke mbele kabla ya Tongoni, kwenda Pangani litakupiga kifuani, wakati wa kurudi litakusukuma mgongoni, nguvu zako zihifadhi. Nikasikia mwili unanisisimka. Baba hakumtupa mtu. Mpaka leo akiwa barazani akasikia mnyororo mkavu unapita, humwita mtoto wa watu amtilie mafuta. Mtu wa hivyo ameichukia baiskeli?

20:57 Mama Twaha: Baiskeli hajaichukia. Chama.

21:02 Da Saumu: Naomba tuchange 10,000 kila mtu, kanzu mpya na vya njiani. Tumeni kwenye namba yangu.

21:03 Mama Twaha: Hajakubali umeshamnunulia kanzu!

21:03 Salimu Bajaji: Usafiri natoa bure. Na breki.

21:17 Baba Mdogo Hatibu: Ujumbe huu umefutwa

21:18 Da Saumu: Baba Mdogo shikamoo. Umefuta nini?

21:40 Da Saumu: Baba Mdogo?

22:05 Salimu Bajaji: Umeme umekatika huku, simu ina asilimia 4. Usiku mwema.

ALHAMISI

06:12 Twaha Pangani: Shikamooni. Bibi nimemsomea yote tangu jana. Amesema niandike anavyosema yeye, nisipunguze wala nisiongeze.

06:20 Twaha Pangani: "Saumu, salamu zako zimefika. Hao waliokuja dukani kwako wamekosea mlango. Kaka yangu ana nyumba, na nyumba yake ina baraza. Mwaka ule walipokuja kuchukua hawakupotea njia, na nyumba haijahama. Mtu mzima haombwi radhi kwa bango. Waje na mkubwa wao, wapige hodi, wakaribishwe, wakae, waseme tulikukosea. Akiwasamehe, bendera ataipeperusha. Asipowasamehe, msimkokote. Na siku hiyo Hatibu awepo. Hatibu anajua kwa nini. Hatibu, kwa mama yetu tumebaki watatu. Nimemaliza."

06:48 Mama Twaha: Tumesikia, Shangazi.

07:05 Kassim Poland: Shikamoo Shangazi. Nimesikia.

07:30 Da Saumu: Shangazi shikamoo. Nilikosea kuchukua maneno dukani, ningewaelekeza nyumbani. Nisamehe. Nawapigia sasa hivi.

08:16 Salimu Bajaji: Nimesikia Shangazi.

10:02 Da Saumu: Nimeongea nao. Mwenyekiti wao yuko Korogwe, anarudi Jumamosi lakini saa hawajui. Wanasema wanaweza kumleta katibu. Nimewaambia katibu peke yake hatoshi. Wanauliza bango waandike jina au wasiandike. Nimewaambia waache nafasi.

10:04 Mama Twaha: Nafasi ya nini? Waandike majina ya wakimbiaji wao.

10:05 Da Saumu: Mama Twaha tafadhali.

13:11 Baba Mdogo Hatibu: Dada, shikamoo. Wanangu, salaam. Jana niliandika nikafuta, leo sifuti. Ile karatasi ya chama niliisaini mimi. Nilikuwa na miaka 22, naandika daftari la vifaa. Waliniambia nisiposaini fremu itadaiwa nyumbani kwetu kwa pesa. Niliogopa. Magurudumu sikuyatenganisha kwenye orodha, niliandika "baiskeli moja kamili". Maneno matatu hayo. La mbele walilifunga kwenye baiskeli nyingine. La nyuma nililikuta stoo limetupwa, nikaomba, nikapewa. Liko kwangu Duga, darini. Njiti zote zipo. Kila mwaka nalishusha nalipaka mafuta, nalirudisha. Mdomo wa kumwambia kaka sijaupata.

13:13 Kassim Poland: Ya Rabbi.

13:20 Mama Twaha: Baba Mdogo. Idi zote tunakula sinia moja na wewe. Baba anauliza gurudumu lake mbele yako, mara ngapi. Mara ngapi Baba Mdogo?

13:31 Baba Mdogo Hatibu: Mara nyingi, mwanangu.

13:34 Da Saumu: Mama Twaha, naomba tuachie hapo. Shangazi ameshasema.

13:34 Mama Twaha: Sijasema kitu kibaya. Nimeuliza.

14:50 Salimu Bajaji: Baba Mdogo nipo stendi ya Kange. Ukitaka kuja kwa Mzee hata leo nakufuata Duga. Sitanii.

16:40 Da Saumu: Sasa nisikilizeni. Jumamosi baada ya swala ya alasiri, barazani kwa Baba. Mwenyekiti akiwahi aje, asipowahi Jumapili wakimbie bila sisi. Mama Twaha kahawa na kashata. Salimu amlete Shangazi kutoka Pangani, atoke asubuhi. Baba Mdogo afike mapema kabla ya wageni. Waliotuma mchango mpaka sasa ni watatu.

16:44 Mama Twaha: Kahawa nitapika kwa ajili ya Shangazi.

16:52 Zuhura Dar: Jana nilifika nikalala jamani. Ndiyo kwanza nimesoma. Kwani Baba mwenyewe anasemaje?

16:53 Da Saumu: Hajaambiwa bado.

16:53 Zuhura Dar: Nani atamwambia?

17:30 Da Saumu: Nauliza na mimi. Nani atamwambia? Mimi jana alinifungia mlango.

18:09 Baba Mdogo Hatibu: Saumu, hiyo Jumamosi nije nalo gurudumu, au nije kwanza mikono mitupu?

18:10 Da Saumu: Twaha muulize Bibi.

18:26 Twaha Pangani: Yuko kwenye swala.

19:15 Da Saumu: Twaha?