Tupeane uzoefu: ulichapwa kwa kosa gani shule ya msingi?

Wakuu, tuliosoma shule za serikali Tanzania miaka ya 80 na 90, tukumbushane. Sitaki idadi ya viboko, hapa kila mtu atajifanya komando. Tajeni kosa.

Naanza. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wapiga kelele, kiranja kaweka "mara 4" pembeni. Siku hiyo nilikuwa nimelaza kichwa kwenye dawati, malaria imenikamata. Kosa lenyewe hasa: nilimnyima kiranja muhogo.

—

Hahaha, viranja! Mimi ni kuchelewa namba. Ile rimu ya gari ikigongwa nawe bado uko ng'ambo ya mto, umekwisha. Njiani tulikuwa tunafunga majani mafundo ili mwalimu wa zamu asahau. Hakuwahi kusahau. Halafu unatumwa ukakate fimbo mwenyewe, na ukileta kijiti anakwenda kukata yeye.

—

Hesabu za kichwa. Mwalimu wetu alikuwa hajichoshi: aliyepata anawazaba vibao waliokosa. Mimi nilikuwa napata. Sasa ukimpiga rafiki yako kwa huruma, unaitwa mbele: "Njoo nikuonyeshe kofi linavyopigwa." Anakuonyesha shavuni mwako. Ikabidi nianze kukosa makusudi, maana kupigwa na mtoto mwenzangu ilikuwa nafuu.

—

Nilivaa daftari ndani ya kaptula. Kiboko cha kwanza kikalia PAA! Walimu ofisini walicheka mpaka machozi, kisha tukaanza upya, moja.

—

Vijana, mimi nilikuwa upande wa pili, sasa nimestaafu. Kanuni za 2002 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 zilisema viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kitabu tulikuwa nacho. Kilijazwa wakaguzi wakisikika wako shule ya jirani. Huyo wa mstarini kila asubuhi, na fimbo kwapani, hakuwa na barua ya mtu yeyote.

—

Mnacheka, sawa. Kosa langu mimi lilikuwa sketi. Imechanika, nyumbani hakuna hela ya nyingine, na Jumatatu ni ukaguzi. Nachapwa mbele ya shule nzima, Jumatatu inayofuata hivyo hivyo, kana kwamba cherehani ninayo mimi. Mdogo wangu naye yalimkuta hayo hayo kwa sababu ya viatu. Akiwa darasa la tano akaamua bora kuchunga ng'ombe, na hakurudi tena. Mtu akiniambia viboko vilitunyoosha, huwa namuuliza huyo vilimnyoosha wapi.

—

Pole sana dada. Hilo la sare liliwakuta wengi, ni vile tu hatulisemi.

—

Majirani, Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001. Ila msidhani vilikoma siku hiyo. Mimi nilichapwa baada ya hapo, mlango umefungwa.

—

Nawauliza wa adhabu ya kisiki: kuna aliyewahi kukimaliza? Chetu tulikirithi kwa wakubwa waliotutangulia, kila mtukutu kachimba pake. Tulipomaliza la saba tukawaachia wadogo zetu, na jembe lile lile lisilo na mpini.