Naomba ushauri: nyimbo za Kijapani za matangazo ya shampuu

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada, hasa kwa mliowahi kuishi Japani. Nakusanya nyimbo maarufu za huko zilizotumika kwenye matangazo ya shampuu. Nilianza na Dear WOMAN ya kundi la SMAP, ya mwaka 2006, ambayo kampuni ya vipodozi ya Shiseido waliitumia kutangaza shampuu yao ya TSUBAKI. Tangu siku hiyo sijatulia.

Shida yangu, tangazo lenyewe ni sekunde 15: nywele zinamwagika begani, kiitikio kinapanda, limekwisha! Jina la wimbo mara nyingi huandikwa pembeni chini kwa herufi ndogo mno, na video za zamani zina ukungu. Hata nikisimamisha picha naona madoa tu.

Nyie mnazisomaje? Kuna programu ya simu inayotambua herufi hizo? Na nifuatilie shampuu gani nyingine?