Nyumba tupu zipo na wapangaji wanahangaika: kuzitoza kodi kunatosha?

Mdadisi: Wakuu, mji una nyumba tupu maelfu na watu hawana pa kukaa. Si wenye nazo watozwe kodi tu wazitoe? Ugumu uko wapi?

Mthamini: Uliza kwanza kila nyumba imekaa tupu muda gani na kwa nini. Mpangaji katoka, rangi haijakauka, mwingine anaingia mwezi ujao: sensa ikipita hapo katikati, inaandikwa tupu. Nafasi za aina hiyo soko linazihitaji. Zikikosekana, mwenye nyumba anapandisha pango atakavyo, anajua huna pa kuhamia. Halafu kuna zinazosubiri ukarabati, kuna za wanaongoja bei ipande, na kuna za mirathi, ambazo hati bado ina jina la marehemu. Kodi inamuuma anayengoja bei. Warithi wasioelewana hata ukiwatoza, hawawezi kuuza.

Karani wa Ardhi: Naongezea upande wa sheria. Vancouver, Kanada, ilianza kutoza nyumba tupu 2017, asilimia 1 ya thamani ya nyumba; tangu 2021 ni asilimia 3. Lakini meno yenyewe yako kwenye tamko la kama nyumba inakaliwa au la: kila mwenye nyumba analijaza kila mwaka, na asiyejaza nyumba yake inahesabiwa tupu. Manispaa haitumi mtu kuchungulia madirishani. Wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba ilikaliwa angalau miezi 6. Ufaransa tangu 2023 inatoza asilimia 17 mwaka wa kwanza, kisha 34. Usishtuke, hiyo ni ya makadirio ya pango kwenye daftari la kodi, si ya bei ya nyumba.

Mdadisi: Na Japani? Nasikia zipo milioni 9.

Mthamini: Ndiyo, kwa takwimu za 2023, asilimia 13.8 ya nyumba zote. Ila karibu nusu ni za kupangisha zinazongoja mtu. Balaa ni zile zilizotelekezwa, na kodi ya zamani imechangia: kiwanja chenye nyumba, mita za mraba 200 za mwanzo zinatozwa kwa sehemu moja tu ya sita ya thamani. Bomoa, punguzo linakwenda. Basi watu wanaliacha gofu lisimame. Tangu 2015 punguzo linaweza kufutwa kwa nyumba hatarishi, na marekebisho ya 2023 yamegusa hata zinazoelekea huko. Mwenyewe anashauriwa kwanza. Asipotengeneza, anapewa onyo rasmi, na hapo ndipo punguzo linapoondoka.