Adapta ya USB ya pedi mbili, Linux inaona moja tu. Msaada jamani

kijana_wa_igoma
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hili jambo wiki ya pili sasa linaninyima usingizi. Nina kibanda cha gemu huku Igoma Mwanza, mashine zangu ni zile desktop za zamani, nimeziwekea Ubuntu 22.04 maana Windows ilikuwa inazilemea. Sasa nimenunua adapta za USB zile zenye matundu mawili ya pedi za PlayStation 2, lengo watoto wawili wacheze mpira kwenye mashine moja. Tundu la kwanza liko poa, la pili kimya kabisa. Nimebadilisha pedi, nimebadilisha poti ya USB, nikaipeleka kwa jirani kwenye laptop ya Windows, kule zote mbili zinacheza bila hata kuweka draiva yoyote, kwa hiyo adapta ni nzima. Amri ya lsusb (inayoorodhesha vifaa vya USB) inaiona, ila nikiangalia folda ya /dev/input kuna js0 (pedi ya kwanza) peke yake, js1 hamna. Nimenunua 6 na muuzaji kasema mali ikishatoka dukani hairudi. Kuna draiva ya kuongeza au ndo nimeliwa?

mzee_wa_tabora
Pole mkuu. Jaribu kuandika rule ya udev, mi printa yangu ilikuwa hivyo hivyo haionekani nikaweka rule ikakubali. Tatizo huwa ni ruhusa tu.

mwana_likoni
Kaka wa Tabora udev hapa haitafaa, na nisingependa kijana apoteze siku nyingine. udev inashughulika na kitu ambacho kerneli (moyo wa Linux) ishakitengeneza, inakipa jina inakipa ruhusa basi. Hapa js1 haijazaliwa, huwezi kumpa jina mtoto ambaye hajazaliwa.

Ndugu yangu wa Igoma usiseme umeliwa bado. Kibodi, mausi, pedi, hizi zote ni vifaa vya HID (vifaa vya mtu kuipa kompyuta amri), na kizuri cha HID ni kwamba kifaa kikichomekwa kinajieleza chenyewe, kinaipa kompyuta orodha ya baiti inayosema mimi ni joistiki, nina vitufe kadhaa, mhimili wa X una biti kadhaa. Hiyo orodha ndiyo deskripta ya ripoti. Ndiyo maana hukuhitaji draiva kule Windows, na Linux pia ina draiva ya jumla, hid-generic, inayosoma hiyo orodha. Kwa hiyo swali si draiva iko wapi, swali ni adapta yako inasema nini na kerneli inaelewa nini. Tuletee hiki:

ls /sys/bus/hid/devices/

Utaona majina kama 0003:1234:5678.0004, hiyo 0003 ni USB, zinazofuata ni namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, linganisha na lsusb uipate ya adapta. Halafu

od -An -tx1 /sys/bus/hid/devices/JINA_LAKE/report_descriptor

Ukopi ulete hapa, yote, usikate.

kijana_wa_igoma
Asante sana dada (au kaka, samahani). Ni ndefu ila kuna kitu nimekiona, inaanza 05 01 09 04 a1 01 85 01 halafu mambo mengi mpaka c0, alafu inarudi tena 05 01 09 04 a1 01 85 02 mambo yale yale mpaka c0. Kama vile imejirudia mara mbili. Nimeweka picha ya yote chini.

mwana_likoni
Ni dada 🙂 Na macho yako ni mazuri, jibu umeshalishika mkononi. Soma nami: 05 01 09 04 ni "mimi ni joistiki", a1 01 ni kufungua mlango, c0 ni kuufunga, na 85 ndiyo namba ya ripoti. Yaani adapta yako inasema ukweli mtupu, mimi nina joistiki mbili, ya kwanza inaongea kwa ripoti namba 1, ya pili kwa ripoti namba 2. Lakini hid-generic inapanga kwa aina ya kifaa, ikaona joistiki na joistiki ni aina moja ikaziweka kwenye chungu kimoja. Sasa pedi ya pili inakuja na X yake inakuta X ishachukuliwa, inakuja na kitufe cha kwanza kishachukuliwa, kerneli inavipuuza vyote. Wala hailalamiki mahali unapoweza kuona, ndiyo maana umehangaika wiki mbili.

Dawa ipo, inaitwa HID_QUIRK_MULTI_INPUT, thamani yake 0x40, inaiambia kerneli kila namba ya ripoti itengenezewe kifaa chake. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/adapta.conf uandike mstari mmoja, weka namba zako badala ya hizi za mfano:

options usbhid quirks=0x1234:0x5678:0x40

Kisha sudo update-initramfs -u halafu uzime uwashe. Tafadhali usijaribu kutoa modyuli ya usbhid kwa mkono kwanza na kuirudisha kwa amri ya pili, ukishaitoa kibodi na mausi vyako vya USB vinakufa hapo hapo na hiyo amri ya pili utaiandikia nini. Mimi yalinikuta usiku kazini.

kijana_wa_igoma
JS1 IMETOKEA!!! Nimefungua evtest (programu ya kupima vitufe) kwenye kila moja nikabonyeza, kila pedi inajibu kwake. Dada Mungu akubariki, watoto hapa wanashangilia hawajui hata kilichotokea. Nimeweka kwenye mashine zote.

Sasa swali. Mimi nimepona, ila mtu mwingine akinunua adapta hii hii kesho atateseka kama mimi. Haiwezekani ikaingia kwenye Linux yenyewe ikawa inafanya kazi ukichomeka tu?

mwana_likoni
Inawezekana na natamani ufanye wewe mwenyewe. Ni mistari michache. Kwenye kodi ya kerneli kuna drivers/hid/hid-ids.h, hapo unaongeza namba ya bidhaa, na ya mtengenezaji kama haimo. Kisha drivers/hid/hid-quirks.c kuna jedwali refu, unaongeza HID_USB_DEVICE yenye majina hayo pamoja na HID_QUIRK_MULTI_INPUT. Ukilisoma utakuta wenzako kibao walikutana na tatizo hili hili, adapta za GameCube za DragonRise kwa mfano zimo humo kwa dawa hiyo hiyo. Jedwali limepangwa kwa alfabeti, heshimu mpangilio.

Kitu kimoja cha kuangalia kabla hujatuma. Hizi chipu za bei rahisi viwanda tofauti vinazitumia na namba ile ile, 0079:0006 utaikuta kwenye pedi chungu nzima. Hakikisha namba yako haimo tayari kwenye draiva nyingine, fanya grep (yaani itafute hiyo namba) ndani ya drivers/hid, maana ikiwa imo marekebisho yanaenda kule.

gitaa_nairobi
Kuongezea hapo boss, peleka patch (faili la hayo mabadiliko yako) kwa imeili, orodha yao ni linux-input@vger.kernel.org, wanaosimamia HID ni Jiri Kosina na Benjamin Tissoires, lakini usikisie, run scripts/get_maintainer.pl juu ya patch yako itakupa majina yote. Kabla ya hapo run scripts/checkpatch.pl, inakagua makosa ya uandishi. Tumia git send-email, si kupesti kwa Gmail, Gmail inavunja mistari na tab zinageuka nafasi, patch haitaingia. Mimi yangu ya kwanza ilirudishwa kwa sababu hiyo. Mwisho weka Signed-off-by (mstari wa sahihi yako) na jina lako la kweli, na kwenye maelezo sema shida unavyoiona wewe, kwamba adapta ina pedi mbili kwa ripoti mbili na ya pili ilikuwa haifanyi kazi. Kiingereza cha kawaida tu kinatosha, hawapimi ufasaha.

mzee_wa_tabora
Nimejifunza kitu hapa, asanteni. Kijana ikipita rudi utuambie, nina adapta ya namna hiyo kabatini niliitupa humo mwaka juzi nikidhani mbovu. Leo naitoa nisome 85 zake.

kijana_wa_igoma
Nimekesha nayo. checkpatch ilinikatalia mara mbili, mstari niliweka nafasi badala ya tab, kisha nilisahau Signed-off-by. Sasa inasema 0 errors, 0 warnings. Nimeituma saa kumi na nusu alfajiri kwa bando la usiku. Mzee wa Tabora tuma namba zako za lsusb, kama ni tofauti na zangu naziongeza kwenye patch ya pili.