Unguja, safari fupi ya chombo: Changuu, mashua ya Forodhani au ngalawa ya Jambiani?

MamaShani_Moro
Habari za jioni wanajukwaa. Mwezi wa nane tunavuka kwenda Unguja, tunaingia Ijumaa na Jumapili mchana tunarudi Dar. Tupo wanne: mimi, mama yangu mzazi mwenye miaka 71, na wanangu wawili, mkubwa ana tisa na mdogo sita. Jumamosi nataka tupande chombo mara moja, masaa mawili au matatu tu, tukiwa na mtu wa kutueleza tunachokiona. Mama goti la kulia linamsumbua, hawezi kuruka wala kupanda ngazi ndefu. Kwao ni Pangani, na tangu aolewe Morogoro hajapanda tena chombo cha tanga. Kwa kweli safari hii ni yake.

Nimeulizia, nimepata njia tatu. Boti ya kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe. Mashua ya jioni ya Forodhani, ile inayopita mbele ya Mji Mkongwe mpaka jua linazama. Na ngalawa ya Jambiani. Bei hazipishani kiasi cha kuniamulia. Waliokwenda nisaidieni, nawasilisha.

KakaWaMagomeni
Mama Shani, ukiwa na watoto usifikirie mara mbili, nenda Changuu. Kwa boti ya mashine ni kama nusu saa kutoka mjini. Kobe wale asili yao ni Aldabra, Shelisheli. Wa kwanza wanne waliletwa 1919. Wamechorwa umri wao mgongoni kwa rangi, na mwanangu alikuwa anasoma kila namba kwa sauti, anamlinganisha kobe na babu yake. Unawalisha majani, unawakuna shingo, wanainyoosha juu kabisa wakipendezwa. Kisha kuna lile jengo la gereza lililojengwa 1893 ambalo halikupata kufungwa mtu, likaja kuwa karantini ya wagonjwa wa kwenye meli. Mtoto anajifunza historia huku anacheza.

Kumbuka tu kwamba kiingilio cha kisiwani ni mbali na nauli ya boti, na mkazi na mgeni hawalipi sawa. Beba kitambulisho.

Mtalii_wa_Ndani
Naongeza ya nne: Kizimkazi kuona pomboo. Mkitoka alfajiri mnawawahi.

Binti_Jambiani
Mtalii_wa_Ndani, nakuomba uitoe hiyo kwenye hesabu. Mimi ni wa kusini, Kizimkazi tunaingia na kutoka. Asubuhi moja nilihesabu boti kumi na moja zimezunguka kundi moja la pomboo, kila moja inakata njia yao ili wageni wake waruke mbele. Wale wanyama walikuwa wanazama na kuibukia mbali, boti zinawafuata tena. Pale ni ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai, iliyotangazwa 1997 ili viumbe wa bahari wapumzike. Mtu akienda Kizimkazi, aende Dimbani aone msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, aswali kama ni wa kuswali. Mama wa miaka 71 kwenye boti inayokimbiza pomboo alfajiri atapata nini?

Sasa kuhusu kwetu. Ngalawa ya Jambiani ni nzuri, na sisemi hivyo kwa sababu ni kwetu. Ni gogo la mwembe lililochongwa, na mirengu yake pande mbili, ile miti ya kuizuia isipinduke, tanga moja. Ndani ya mwamba maji ni ya kina kifupi, unaona chini kila kitu, nyota za bahari, urchini, na mashamba ya mwani ya mama zetu, kilimo kilichoanza hapa 1989. Ila Mama Shani, ngalawa ni nyembamba. Unakaa juu ya ubao, magoti yamekunjwa, na huna pa kuinyoosha miguu. Kwa goti la mama sikushauri. Na kutoka mjini mpaka huku ni zaidi ya saa nzima kwa gari, daladala 309 inachukua zaidi ya hapo.

Nahodha_Mstaafu
Assalaam alaykum. Mwanangu Mama Shani, wote wanakuambia pazuri, hakuna aliyekuuliza tarehe ya mwezi. Hiyo Jumamosi mwezi wa angani utakuwa na siku ngapi?

MamaShani_Moro
Shikamoo mzee. Nimetazama kalenda ya Kiislamu ya ukutani kwa jirani, inaonesha itakuwa tarehe 15. Ina maana gani?

Nahodha_Mstaafu
Marahaba. Ina maana kubwa. Mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana. Hapa Unguja siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, hivyo baada ya wiki yamegeuka: saa nne ndiyo yanajaa. Hayo tunayaita maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Mtu akiijua tarehe ya mwezi hahitaji kuuliza hoteli.

Sasa ziweke safari zako juu ya hesabu hiyo. Jambiani Jumamosi asubuhi hakuna ngalawa. Maji yatakuwa yametoka mpaka karibu na mwamba, vyombo vimelala mchangani, utakachokiona ni wakulima wa mwani wanafanya kazi. Mpaka yarudi ya kutosha ni mchana, na mwezi wa nane ni kusi, upepo unaipiga pwani ya mashariki uso kwa uso. Ndani ya mwamba hakuna hatari, lakini maji yanaruka, mama atalowa.

Changuu asubuhi hiyo unaweza kwenda, bahari huwa imetulia kabla upepo haujaamka. Tatizo ni kupanda na kushuka. Boti itasimama mbali, mama atembee kwenye maji na mawe, na kisiwani hivyo hivyo. Ukisema uende jioni maji yakijaa, mkondo ule na kusi inapovuma unatikisa. Boti ndogo ya mashine inapiga mawimbi kama ngoma, na goti linausikia kila mpigo.

Mashua ya Forodhani saa kumi na robo au na nusu, hapo maji yamejaa, chombo kinasogea karibu na ufuo. Upande wa magharibi, mji wenyewe unakukinga na kusi. Mashua ni pana, ina mabao ya kukalia, na mama ananyoosha mguu. Kitu kimoja cha kuangalia: jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, na kwa bamvua masaa mawili ni mengi, maji yatakuwa yameshuka. Alipopandia sipo atakaposhukia. Waambie mapema wawe na hori, kile kichombo kidogo, la kumleta mpaka mchangani, au mrudi kabla ya magharibi.

Na uulize swali hili kabla hujatoa hata shilingi: mnatweka tanga, au mnawasha mashine tu? Wengi siku hizi wana foromali, ule mti unaobeba tanga, imefungwa kwa kamba tangu Januari, tanga limekuwa pambo. Mama wa Pangani usimpeleke kwenye pambo.

KakaWaMagomeni
Mzee hapo umenifundisha. Sisi tulikwenda mwaka jana mwezi wa pili, maji yalikuwa yamejaa asubuhi, ndiyo maana sikuona shida yoyote. Nilidhani ni hivyo siku zote.

Mtembeza_Wageni_Mji_Mkongwe
Naungana na mzee. Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni, nina kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na niseme machache.

Forodhani mtafuatwa na mapapasi kabla hamjakaa. Si wote wabaya, lakini papasi hana chombo, anakupeleka kwa mwenye chombo na bei inapanda njiani. Nenda mwenyewe ufukweni Jumamosi asubuhi, kionee chombo, ongea na nahodha uso kwa uso. Kodi chombo kizima, si kwa kichwa. Familia ya watu wanne ikilipa kwa kichwa inachanganywa na kundi la muziki na vinywaji, na hapo mama hasikii maelezo yoyote.

Jaketi okozi zihesabiwe mkiwa bado nchi kavu, na za watoto ziwe za watoto. Watu wa hapa hatuhitaji kukumbushwa: meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011, Skagit Julai 2012 karibu na Chumbe, kusi hii hii.

Kuhusu kinachoonekana: omba mwanzie upande wa Malindi mshuke kuelekea Shangani. Mtaanza na bandari na majahazi ya mizigo, halafu Jumba la Dawa lenye roshani za mbao zilizochongwa, halafu mti mkubwa wa Mtini, Beit al-Sahel, Beit al-Ajaib, Ngome Kongwe. Nyumba hizi zilijengwa zitazamwe kutoka baharini, mgeni wa Sultani aingie bandarini azione zimesimama mstari mmoja. Barabarani unaziona vipande vipande. Beit al-Ajaib ya 1883 iliporomoka sehemu yake 25 Desemba 2020, watu wa kazi walikuwamo ndani, na mimi bado nikifika hapo nanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Mbele yake ndipo meli za Waingereza zilipopiga mizinga 27 Agosti 1896, vita ambayo haikutimia hata saa moja. Mkubwa wako wa miaka tisa atauliza maswali, jiandaeni.

Mwana_wa_Lamu
Nasoma nikiwa Lamu, na hapa mambo ni yale yale. Mgeni anataka kwenda Takwa, kisiwani Manda, kuyaona magofu, anakuja saa yoyote inayompendeza. Mlango wa mikoko kuingia kule unapitika maji yakijaa tu. Kuna wenyeji wanaowachukua wageni bila kuwaambia, chombo kinakaa kwenye matope, wanasubiri maji kwenye jua kali. Nimewahi kukaa hivyo na shangazi yangu karibu masaa matatu, maji ya kunywa chupa moja. Swali la mzee ndilo la kwanza popote kwenye pwani hii.

Binti_Jambiani
Mama Shani, watoto wakilia kwa Jambiani siku nyingine ya bamvua, waleteni maji yakitoka, mkodi baiskeli. Mchanga ukilowa unakuwa mgumu, mnaendesha ufukweni kutoka kijijini kuelekea Paje, kijana wa kijijini mbele yenu. Ukiona mama ameinama kwenye kamba za mwani, msalimie kwanza, umuombe ruhusa ndipo upige picha. Na vaeni nguo za heshima mkipita kijijini, khanga moja begani inatosha.

MamaShani_Moro
Tumerudi Moro juzi, nimeona niwape mrejesho kabla sijasahau.

Ijumaa jioni niliwapeleka watoto Forodhani wakale, na Jumamosi asubuhi nikashuka ufukweni peke yangu. Ilikuwa inakaribia saa nne, na maji yalikuwa mbali kama mzee alivyosema, vyombo vimeegemea ubavu. Nikauliza swali la tanga. Wa kwanza alisema upepo ni mbaya siku hizi. Wa pili alisema atatweka tukifika mbele, lakini foromali ilikuwa imefungwa kwa kamba ya nailoni na fundo limeshika kutu ya msumari. Wa tatu, kijana mdogo tu, hakujibu, aliita mwenzake wakalikunjua tanga mchangani nilione. Lilikuwa na viraka vitatu. Nikakodi chombo kizima.

Tulipanda saa kumi na nusu. Maji yalifika magotini kwangu. Mama alibebwa na mabaharia wawili kwa mikono waliyoifungamanisha, akawekwa kwenye bao la tezini, nyuma ya chombo, mguu umenyooshwa juu ya mkeka. Tukatoka kwa mashine mpaka mbele ya Malindi, kisha wakaizima. Ule ukimya watoto waliusikia, mdogo akauliza kama tumeharibikiwa. Wakaanza kuvuta henza, kamba ya kupandishia tanga, foromali inapanda kwa mikono, tanga likajaa kwa mara moja na chombo kikaegama.

Mama alikuwa hajasema neno tangu tupande. Kijana akashika demani, kamba ya kulivuta na kulilegeza tanga, na mama akamwambia, "Ilegeze kidogo baba, unamkaba." Kijana akamtazama, akailegeza. Kuanzia hapo maelezo yote aliyokuwa anatupa ya majumba alikuwa anamgeukia mama. Mama naye akawa anawatajia wajukuu zake, hii ni joshi, hii ni demani, kule mbele ni omo, na kaka yake mkubwa alikuwa anamtuma kufua maji ngamani, kuyachota chini ya chombo na kuyamwaga nje, kwa kopo la samli. Sikuwahi kujua kama amewahi kufua maji kwenye chombo. Miaka yote hiyo niko naye.

Mbele ya Beit al-Ajaib nahodha alipunguza, akatuonesha palipoporomoka. Mkubwa aliuliza maswali mpaka Shangani. Jua halikuonekana likizama, mawingu yalikuwa chini. Kurudi maji yalikuwa yameshuka kweli, lakini nilikuwa nimeshaagiza hori, mama akashuka bila kulowa zaidi ya vifundo.

Watoto hawajawaona kobe, wananidai. Mzee wangu, nisaidie kwa hilo.

Nahodha_Mstaafu
Mwezi ukiwa na siku saba au nane, au ishirini na mbili, maji yanajaa kiasi cha saa nne asubuhi na hayatoki sana. Njooni Disemba mwishoni au Januari, kusi imekwisha. Mama akija nitafutieni humu humu, nataka kujua kaka yake alikuwa akiendesha chombo gani Pangani.