Kuosha injini mwenyewe nyumbani bila kuua koili na altaneta, mnafanyaje wakuu?

MtuWaMkolani
Mwangaluka wakuu, naombeni mawazo yenu. Nina Toyota IST ile yenye injini ya 2NZ, nimeichukua mkononi kwa mtu mwezi wa tatu na tangu hapo sijawahi kufungua boneti nikafurahi, vumbi la huku kwetu Mwanza limeshikana na oili mpaka limekuwa tope gumu unalichokonoa na bisibisi, na mbele kwenye rejeta wale wadudu wa ziwani wameganda hata matundu hayaonekani. Jana nimepita kwa vijana wanaoosha magari hapa chini, kijana kanambia elfu tano tu, anapiga mafuta ya taa kwa kompresa halafu anamalizia na mashine ya presha, dakika kumi inang'aa. Shida ni kwamba jirani yangu alioshewa Noah yake hivyohivyo, ilitoka pale inapendeza kabisa, kufika Mkuyuni ikaanza kukwamakwama kama inaishiwa mafuta, ikazimika, ikavutwa. Sasa nataka niifanye mwenyewe Jumamosi hapa nyumbani, maji ninayo kwenye simtanki. Nifunike nini na nini? Betri lazima nichomoe? Na Omo inafaa au mpaka ninunue dawa?

Fundi_Nyegezi
Usimpe huyo kijana. Injini inarushiwa maji ya madimbwi msimu mzima wa mvua na haifi, tatizo la ile mashine ni kwamba inasukuma maji yanaingia kwenye soketi, kwenye sili za koili (zile zinazopeleka umeme kwenye plagi), ndani ya altaneta (ile inayochaji betri), sehemu ambazo maji ya barabarani hayafiki kwa nguvu ile. Na mafuta ya taa yanalainisha mipira na kuivimbisha, hosi inakuwa laini kama imechemshwa, halafu kama injini ina moto na kuna cheche mahali umejitafutia moto. Petroli ndiyo usiiguse kabisa, mvuke wake unashika haraka mno. Dizeli nayo wanaipenda kwa sababu inang'arisha, ila inaacha utando, ukipita barabara ya vumbi wiki moja uchafu umerudi maradufu, na ikigusa belti itapiga kelele kila ukiwasha asubuhi.

Sasa sikiliza. Kabla ya maji chukua tochi uangalie oili inatokea wapi, piga picha kabisa. Wengi wanakimbilia kuosha halafu mwezi unaofuata hawajui ile oili ilikuwa inashuka kutoka juu au inatokea pembeni. Oili mbichi inang'aa, ya zamani ina vumbi juu, fuata ile inayong'aa mpaka ukomo wake wa juu.

Gari iwe ya uvuguvugu, yaani umezima muda, unaweza kuweka mkono juu ya tapeti kava (kile kifuniko cha juu ya injini) ukauacha. Maji baridi juu ya ekzosi yenye moto ni kuomba ipasuke, na wewe mwenyewe mvuke utakuunguza. Kifuniko cha rejeta usikiguse. Betri chomoa upande wa hasi kwanza, spana namba 10, na ukirudisha hasi iwe ya mwisho, kwa sababu ukianza na chanya spana ikagusa bodi inapiga cheche pale pale. Kuchomoa kunasaidia pia feni isikushtukie mkono uko ndani.

Kufunika ni altaneta, boksi la fyuzi, ea klina na mdomo wake wa kuvutia hewa, na koili zote nne hapo juu. Marambo (mifuko ya plastiki) yalipigwa marufuku tangu Juni 2019 kwa hiyo usiyatafute, chukua ile nailoni ngumu inayokuja na godoro, ikate vipande, funga na mpira wa baiskeli. Sisi gereji ndiyo tunayotumia.

Omo inafaa kwa vumbi, kwa oili iliyoganda itakuchosha bure. Nunua dawa ya kuondoa grisi duka la vipuri, paka na brashi ya rangi na mswaki wa zamani, iache kama dakika tano hivi ila isikaukie hapo, fanya kipande kwa kipande. Kusuuza ni kopo, au mpira wa bustani unaotiririsha tu. Rejeta mwagia maji kutoka upande wa injini kwenda nje ili wadudu watoke walikoingilia, ukiwapiga kutoka mbele unawashindilia ndani, na vile vibati ni vyembamba vinalala hata kwa kidole.

Ngosha_Dizeli
Mimi naona aache tu. Miaka kumi na mbili naendesha, injini nafuta na kitambaa chenye maji kidogo, sijawahi kumwaga maji na haijawahi kunisumbua.

Fundi_Nyegezi
@Ngosha_Dizeli kwa injini iliyo safi uko sahihi kabisa, hata mimi ndivyo ningefanya. Yake ina tope la oili, na lile tope linaficha uvujaji na linashikilia joto, halafu likikaa karibu na ekzosi siku moja unaona moshi.

MamaDagaa_Kirumba
Kaka yangu wa Mkolani naomba usipuuze hapo kwenye koili, mimi yalinikuta. Nina Probox nabebea dagaa kutoka mwaloni, kuna siku niliosha mwenyewe nikafunika kila kitu isipokuwa koili nikijua zina mpira wake zinajilinda. Nikawasha ikakubali, nikatoka, kufika barabarani ikaanza kutetemeka na taa ya injini inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na mimi kwa sababu nina mzigo unaharibika nikaendelea nayo mpaka Igoma. Fundi alipovuta koili ya tatu akaigeuza, maji yakadondoka tone tone juu ya bampa, na kule ndani shimo la plagi lilikuwa limejaa karibu nusu, unaona kabisa yanametameta ukimulika. Alichofanya alizungushia kitambaa kwenye bisibisi akanyonya maji kwanza, kisha akapuliza kwa kompresa, ndipo akafungua plagi, akanambia ukifungua plagi kabla maji hayajatoka yanadumbukia ndani ya silinda. Injini ikapona siku hiyohiyo. Ila ule mwendo wa mpaka Igoma ndio ulioniumiza, mafuta ambayo hayakuungua yalikuwa yanaenda kuunguzia kwenye masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi), na baada ya wiki chache gari ikawa haivuti mlima, masega yameyeyuka. Nililia kwa kweli, ilikuwa hela ya ada. Kwa hiyo ile taa ikimwekamweka zima hapohapo, hata kama ni katikati ya jua.

ZiwaNiLetu
Naongezea la maji machafu maana hakuna aliyeligusa na mimi linanigusa sana. Ukimwaga ile oili na dawa kwenye mtaro, mitaro mingi ya mjini inaenda Mto Mirongo na Mirongo unaishia ziwani, na ndiyo maji tunayovuta na kunywa. Kuna watu wanaona rahisi kushusha gari mpaka ufukweni wachote maji palepale, hiyo hata sheria ya mazingira ya 2004 haitaki, shughuli za aina hiyo ndani ya mita 60 kutoka ziwani haziruhusiwi. Nyumbani fanya hivi, kwanza kwangua tope likiwa kavu kwa kijiti au bisibisi butu lidondokee kwenye boksi lililofunguliwa chini ya injini, utashangaa robo tatu ya uchafu umetoka bila tone la maji. Halafu chini tandika pumba za mbao kutoka kwa fundi seremala, zinanyonya yale yanayodondoka, unazizoa unazifunga. Mbali na kisima na mbali na bustani ya mchicha.

MtuWaMkolani
Wakuu asanteni sana, nimerudi na mrejesho. Nimeanza saa moja asubuhi kabla jua halijakaza, nimekwangua kama alivyosema ZiwaNiLetu na boksi limejaa kweli, kuna na majani na manyoya, nadhani panya alikuwa anataka kuhamia humo, nimekagua waya zote hajatafuna. Nilifunika koili kwa nailoni ya godoro mara mbili kwa ajili ya maneno ya Mama. Kusuuza nimetumia ndoo mbili tu na kopo. Nikafuta, nikaacha boneti wazi mpaka saa tisa, nikarudisha betri, ikawaka kwa mara ya kwanza. Silensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) ilikuwa inapanda na kushuka kama dakika tano hivi nikaogopa, baadaye ikatulia.

Fundi_Nyegezi
Hiyo silensa ni kawaida ukichomoa betri, kompyuta inajifunza upya. Oili je?

MtuWaMkolani
Ndiyo nilikuwa nafika hapo. Leo siku ya nne, nimepitisha kidole pande zote, pakavu isipokuwa kona ya nyuma ya tapeti kava, kidole kimetoka na oili mbichi. Ni gasket (ule mpira wa kuzibia chini ya kava)?

Fundi_Nyegezi
Ni gasket hiyo, imekauka imekuwa kama plastiki. Tafuta orijino. Ukitoa koili mulika mashimo ya plagi kama yana oili nayo. Na zile bolti za kava ni ndogo, zikaze kwa kuzungukazunguka kidogo kidogo, ukivunja moja mle ndani kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili. Ukikwama njoo Jumapili nipo.