Waziri wa watu wa asili kama wa Brazil: na sisi tumdai?

MjukuuWaMau
Hamjambo ndugu. Mimi ni Mwogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau hapa Kenya, upande wa Narok. Kwenye kikao chetu kijana mmoja alisema tuache kufuata ofisi za watu, tudai wizara yetu wenyewe kama Brazil. Akapigiwa makofi sana. Tangu Rais Lula amteue Sônia Guajajara kuwa waziri wa watu wa asili mwaka 2023, watu wake wamepata ardhi au wamepata cheo?

Binti Kwale
Dai tu! Guajajara ni mzaliwa wa Araribóia, ardhi ya wenyeji kule jimbo la Maranhão. Huyo hangoji ripoti ndipo ajue mkata magogo ni nani.

Msomi wa Brasília
Nimesoma huko, na jambo hili nalifuatilia kwa uchungu. Kabla ya kudai wizara, ulizeni hati ya mipaka inatiwa saini na nani. Mwanzoni waziri alipewa Funai, shirika linalochunguza ardhi za wenyeji, pamoja na uwezo wa kutangaza mipaka yenyewe. Hata miezi sita haikuisha. Juni 2023 Bunge, ambamo wenye mashamba ya soya na ng'ombe wana sauti kubwa, likaurudisha uwezo huo Wizara ya Sheria. Funai ikabaki kwake Guajajara, ikiongozwa na Joenia Wapichana, lakini faili likitoka hapo linakwenda kwa waziri mwingine, halafu kwa rais.

Mbaya zaidi ilikuwa sheria ya Desemba mwaka huo huo: ilisema jamii isidai ardhi kama haikuwa inaikalia au kuigombania tarehe 5 Oktoba 1988. Waliofukuzwa kwa bunduki kabla ya siku hiyo wangeenda wapi? Mahakama ya Juu ilikuwa imeikataa hoja hiyo Septemba, Lula akaipinga sheria kwa kura ya turufu, Bunge likaitengua kura hiyo.

Kazi Guajajara aliifanya, msinielewe vibaya. Serikali iliwaondoa wachimba dhahabu wengi kwenye ardhi ya Wayanomami, wenyeji wa msitu wa Amazon. Ila hapo walihitajika askari, na askari hawakuwa wake.

MjukuuWaMau
Umenifungua macho. Sisi hukumu tunayo dhidi ya serikali ya Kenya: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, 2017. Juni 2022 ikaamuru tupewe hatimiliki ya pamoja ndani ya miaka miwili. Miaka hiyo imepita.

Msomi wa Brasília
Basi daini hati hiyo kwanza, wizara baadaye. Barua iende kwa wenye kutoa hati, na nakala ya amri ya 2022 iambatanishwe.

Binti Kwale
Na akina mama watie saini pia, si wazee peke yao.